Moto wa Kupikia Chomboni

Msomaji, huenda umepata kusafiri baharini, au huenda bahari umeiona katika picha tu. Kwa vyovyote vile, habari ninayotaka kukueleza haihitaji ujuzi wa ubaharia. Yatosha ukumbuke kwamba chombo cha matanga ni nyumba iliyojengwa kwa vitu vipendwavyo na moto. Mbao zake zimekaushwa na jua. Nyufa zake zimezibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Ubavu wake hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki. Kamba zake za kale zilikuwa za makumbi ya nazi. Na tanga, hata likiwa kubwa namna gani, ni kitambaa tu. Nyumba hii ikishika moto hapana jirani wa kuitwa. Walakini watu waliomo hawana budi kula. Tangu mwanadamu alipoanza safari za siku nyingi, amelazimika kupakia chomboni kitu kile kile anachokiogopa kuliko mawimbi.

Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa jahazi kutoka Lamu kwenda Kiwayu, pamoja na wanafunzi wachache wa chuo cha ualimu ninakofundisha. Nahodha alikuwa mzee wa makamo, mpole wa maneno. Katika mabaharia wake alikuwamo mpwa wake, kijana aliyetoka Mombasa karibuni, naye alikuja na mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake juu, ule ambao watu huuita meko. Akauteremsha ngamani, chini ya sitaha, mahali ambapo jua wala mawimbi havingeufikia.

“Mjomba,” alisema, “makaa yana taabu. Huu ni kuwasha tu.”

Nahodha hakukasirika. Akauliza, “Cheche ya makaa ikitoroka, mwanangu, twaiona ikiruka. Huo moto wako ukitoroka kabla haujawashwa, huenda wapi?”

Kijana hakuwa na jibu. Na mimi, mwalimu niliyezungukwa na wanafunzi wangu, niliinamisha kichwa nikajifanya natazama maji, kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Swali hilo ndilo lililonipeleka vitabuni niliporudi. Haya unayoyasoma ni yale niliyoyakuta huko.

Katika majahazi ya pwani yetu jiko la zamani lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga au udongo. Juu ya mchanga huwekwa mafiga matatu, na kati ya mafiga huwashwa kuni au makaa. Sanduku hilo hukaa wazi sitahani. Kwa macho ya mtu wa bara ni jiko duni, lakini litazame kwa makini. Mchanga hauungui, nao huzuia joto lisifikie mbao. Tena moto ukizidi, kizimio chake kiko pale pale, ni kuufukia tu. Moshi na hewa mbaya hupeperushwa na upepo. Mpishi hulisogeza upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ili cheche zitoke nje ya chombo ziangukie majini. Aliyelibuni jiko hili hatumjui, lakini alikwisha kulijibu swali la nahodha kwa upande wa makaa: moto wake ukitoroka huenda juu, hufuata upepo, na adui yake mkuu ni tanga.

Usidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Waswahili na Waarabu peke yao. Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, vyombo vya Wareno vya zama zile navyo vilipika kwa moto wa sanduku lenye mchanga, juu ya sitaha. Watu hao walitofautiana katika dini, lugha na namna ya kukata tanga, hata wakaja kupigana vikali. Katika jiko walikuwa wamepatana bila ya kuonana. Na wote walikuwa na shida moja: dhoruba ikija, moto huzimwa, na watu hula biskuti kavu au tende mpaka bahari itulie.

Jiko la namna hiyo lilidumu sana. Mwaka 1938 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, aliyekuwa baharia na mwandishi, alipanda bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walitoka Aden wakashuka na upepo wa kaskazi, wakapita Mombasa na Unguja hadi midomo ya mto Rufiji kupakia boriti, kisha wakarudi Ghuba mwaka 1939. Safari hiyo aliiandika katika kitabu chake Sons of Sindbad, kilichochapishwa mwaka 1940. Katika sehemu ya safari bumu lilichukua abiria zaidi ya 100, na chakula cha watu wote hao kilipikwa sitahani kwenye sanduku la moto. Watoto wa shule hulalamika foleni ya chakula ikiwa ndefu. Nawaombea siku moja wasimame karibu na mpishi kama yule, chombo kikiyumba na moshi ukimwingia machoni, naye ana wali wa kuwaivisha watu mia.

Wazungu wa kaskazini waliichukua njia nyingine, nayo yafaa uijue, maana ndiyo iliyoutia moto ndani ya chombo. Bahari zao ni za baridi na mvua, na watu wao manowarini walikuwa mamia. Manowari ya Waingereza iliyoitwa Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth mwaka 1545, ikainuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Wachunguzi walikuta majiko mawili ya matofali, kila moja na sufuria lake kubwa la shaba, chini kabisa ya chombo. Matofali ni mazito, na uzito chomboni hukaa vyema chini. Lakini fikiria moshi na joto la mahali hapo! Baadaye jiko lilipandishwa juu, na matofali yakaacha nafasi kwa chuma. Mwaka 1780 Mskochi Alexander Brodie alipata hataza ya jiko la chuma lenye tanuri na masufuria, na jiko la namna hiyo lilikuwamo katika manowari Victory, iliyochukua watu zaidi ya 800. Ilikuwa desturi kuzima moto wa jikoni kabla ya vita. Siku ya vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, hali ndiyo ilikuwa hiyo: watu waliingia vitani na jiko baridi, kwa sababu baruti ilikuwa karibu.

Karne ya kumi na tisa sitaieleza kwa urefu. Makaa ya mawe yaliingia katika majiko ya merikebu, kisha mwaka 1892 Msweden Frans Wilhelm Lindqvist akatoa jiko la mafuta ya taa lenye pampu, liitwalo Primus, ambalo wenye mashua ndogo walilipenda kwa kuwa huwaka kwa nguvu na halichukui nafasi.

Sasa tuijie gesi. Mwaka 1910 mwanakemia wa Marekani, Walter Snelling, alichunguza petroli iliyokuwa ikipotea kwa kuvukiza, akatambua kwamba miongoni mwa gesi zilizokuwa zikitoroka imo propani. Gesi hii ina tabia ya ajabu. Ikibanwa, hugeuka maji. Ikiachiliwa, hurudi kuwa gesi na kutanda mara 270 hivi ya ukubwa wake wa kwanza. Kwa hiyo mtungi unaobebwa kwa mkono mmoja huwa na moto wa siku nyingi. Kilo moja ya propani hutoa joto karibu mara moja na nusu ya kilo ya makaa. Haina majivu, haina cheche. Na kubwa zaidi, huzimwa kwa kugeuza kifundo. Baharini jambo hili si dogo. Upepo wa ghafula ukipiga, mwenye gesi hufunga mtungi akakimbilia kamba za tanga. Mwenye makaa ana moto usiosikia amri, na akiumwagia maji jikoni humo hupata mvuke na majivu usoni. Kijana wetu wa Mombasa hakuwa mjinga hata kidogo.

Lakini propani ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hivi. Hapa ndipo penye jibu la nahodha. Ikivuja haipandi ikaondoka na upepo, huteremka. Hupita katika nyufa za sitaha kama maji yapitavyo, ikakaa ngamani, mahali palipo chini kuliko pote na pasipo na upepo. Katika nyumba ya bara, gesi iliyovuja huweza kutoka kwa kupitia chini ya mlango. Chombo hakina mlango chini. Kimejengwa makusudi kisipitishe kitu, na kwa uzuri ule ule kizuiavyo maji yasiingie, huzuia gesi isitoke. Sehemu 2 tu za propani katika kila sehemu 100 za hewa zatosha kushika moto kwa cheche moja ya injini au ya swichi ya taa.

Tena propani yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya unayoijua hutiwa kiwandani kwa makusudi, nayo ina historia ya majonzi inayowahusu wanafunzi kama wewe. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, gesi ilivuja ikajaa chini ya jengo la shule. Ile haikuwa propani, ilikuwa gesi asilia, lakini nayo haikuwa na harufu, wala hakuna aliyeitambua. Mwalimu mmoja wa ufundi alipowasha mashine, jengo likalipuka. Wanafunzi na walimu waliokufa walikaribia 300. Baada ya msiba huo sheria ya Texas ikaamuru gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea duniani. Walakini harufu ni msaada kwa aliye macho. Aliyelala juu ya ngama huenda asiinuse.

Usifanye haraka, msomaji, kuyapa makaa ushindi. Makaa nayo yana siri. Yakiwaka hutoa kabonimonoksidi, gesi isiyoonekana wala kunuswa, ambayo hushikana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Hii haipandi sana wala haishuki. Huchanganyika na hewa ya chumba. Mtu akitia seredani ndani ya chumba cha chombo usiku wa mvua ili apate joto, akafunga mlango, huenda asiamke. Mabaharia wa kale, kwa kuliweka jiko lao wazi, waliiepuka sumu hii bila ya kuijua jina.

Siku hizi wenye mashua za matanga za kutembelea, kama zile unazoweza kuziona katika hori la Kilifi, hupenda kuchoma nyama au samaki chomboni, na hubishana vikali juu ya makaa na gesi. Jiko la mviringo lenye kifuniko, ambalo wengi huliiga, lilizaliwa kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1952 mtu mmoja wa Chicago, George Stephen, alichoka kuona upepo ukiuchezea moto wake wa makaa. Alikuwa katika kiwanda cha Weber Brothers, kilichotengeneza maboya ya bahari. Akalikata boya vipande viwili: cha chini kikawa jiko, cha juu kifuniko. Kwa hiyo vyombo vinavyolifunga jiko la namna hiyo leo vimerudishiwa kitu kilichotoka majini.

Hufungwa kwenye reli za nyuma, likining'inia nje ya ubavu. Chombo kikiwa nangani huelekeza gubeti kwenye upepo, na hapo cheche za makaa huenda nyuma, baharini. Lakini kikisafiri na upepo wa nyuma, cheche hizo hizo huja mbele kwenye tanga. Basi mwenye makaa na angoje mpaka atie nanga. Mwenye gesi naye huweka mtungi sitahani, au katika sanduku lisilofunguka ndani ya chombo, lenye tundu chini la kuiongoza gesi iliyovuja nje ya ubavu, juu ya maji. Akimaliza kupika hufunga kwanza mtungi, akauacha mwali uile gesi iliyobaki katika mpira, ndipo afunge jiko. Nikiulizwa maoni yangu, nitasema kwamba katika mashua yenye vyumba na injini, ya mtu anayesahau mambo kama mimi, ningechagua makaa, nikavumilia majivu. Rafiki yangu mwalimu wa fizikia hakubaliani nami, naye ana haki.

Katika safari yetu nahodha hakungoja vitabu. Alimwambia kijana aupandishe mtungi, akaufunga mwenyewe kwa kamba nyuma kabisa, mahali palipo wazi kwa upepo, akakataza usiwashwe mpaka tutie nanga. Jioni tulifika Kiwayu. Changu waliotolewa majini mchana ule walichomwa kwa makaa katika sanduku la mchanga, na kijana akachemsha chai kwa gesi huko nyuma. Kikombe cha kwanza alimpelekea mjomba wake. Nahodha akanywa, akaulizwa ameionaje, akasema imeiva upesi mno, kisha akaomba kingine.