Shizuoka: Mji Uliolihifadhi Gari la Umeme

Kando ya Ghuba ya Suruga, baina ya miji mikubwa ya Tokyo na Nagoya, umekaa mji wa Shizuoka, ambao Wajapani wengi wakiutaja huutaja kwa chai na machungwa ya vilima vyake, lakini ambao kwa jamii ya watu watengenezao vigari vya mfano, watoto kwa watu wazima, una daraja nyingine kabisa. Maana humo ndimo itokamo sehemu kubwa ya seti za plastiki za Japani, ambazo mtu hununua vipande vikiwa bado vimeshikamana na fremu zake, akavikata, akavipiga msasa, akavitia gundi na rangi, hata gari likasimama mezani kwa urefu usiozidi shubiri. Dunia inapohama leo kutoka petroli kwenda umeme, aghalabu habari hii husimuliwa kama jambo jipya lililobuniwa na matajiri wachache wa karne hii, na katika masimulizi hayo mji wa Shizuoka hautajwi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba unastahiki kutajwa, kwa kuwa katika miaka ile yote ambayo barabara zilikuwa zimelikana gari la umeme, huko lilikuwa likitengenezwa, likiendeshwa na kusahihishwa, ingawa kwa kimo cha kitu cha kuchezea.

Ustadi wa mikono katika mji huo una nasaba ndefu. Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyeituliza Japani baada ya vita vya miaka mingi, aliishi huko uzeeni akafariki mwaka 1616, na juu ya mlima Kuno likajengwa hekalu la kumbukumbu yake. Kisha warithi wa dola yake wakalijenga kwa fahari hekalu la Sengen. Kwa kazi hizo waliitwa maseremala, wachongaji na wapaka laki kutoka pande nyingi za nchi, na kazi zilipokwisha wengi wao walilowea papo hapo, wakageukia masanduku, samani na wanasesere. Mikono iliyozoea kazi ndogo ndogo ilikuwako tayari, basi, Aoshima ilipoanza mwaka 1924 kwa ndege za mbao, na Hasegawa ilipofuata mwaka 1941. Na mwaka 1946, nchi ikiwa bado magofu ya vita, Yoshio Tamiya alifungua biashara ya kupasua na kuuza mbao, ambayo muda si mrefu iliongezewa tawi la kutengeneza vitu vya mfano vya mbao kwa ajili ya watoto.

Mwaka 1947, wakati Tamiya akipasua mbao zake, gari halisi la umeme lilikuwa likitembea katika barabara za Japani. Petroli ilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, ilhali viwanda vilivyobomolewa na mabomu viliuacha umeme wa maporomoko ya maji bila mtumiaji. Na mafundi waliokuwa wakiunda ndege za kivita huko Tachikawa, ambao sasa walikatazwa kazi yao ya zamani, wakaunda gari wakaliita Tama. Lilikwenda kilometa 35 kwa saa, na betri zikijaa liliweza kufika yapata kilometa 65. Betri zenyewe, za risasi na asidi, ziliwekwa katika makasha chini ya sakafu, juu ya magurudumu madogo, ili zilizoishiwa nguvu zivutwe nje na zilizojaa zisukumwe ndani bila ya kumchelewesha abiria, na hizo ni akili ambazo leo watu huzisifu kana kwamba hazijapata kuonekana. Tama lilifanya kazi ya teksi mpaka ilipozuka vita ya Korea mwaka 1950. Bei ya risasi ikapanda, petroli ikaanza kupatikana, na kampuni iliyoliunda ikageukia injini ya petroli. Amerika ilikuwa imepita njia hiyo hiyo mapema zaidi: mwaka 1900, kati ya magari 4,192 yaliyotengenezwa huko, 1,575 yalikuwa ya umeme na 936 tu ya petroli, na baada ya miongo miwili uwiano huo ulikuwa umepinduka usiweze kutambulikana.

Umeme ukatoka barabarani, lakini haukutoka katika mikono ya watoto. Vigari vya kuchezea vya zamani vilikwenda kwa kamani, kama saa. Mtoto alizungusha ufunguo, kigari kikakimbia hatua chache kikasimama. Mota ndogo ya sumaku iendeshwayo na betri kavu, ambayo Kenichi Mabuchi aliifanyia kazi baada ya vita na ambayo kampuni iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1954 ikaitengeneza kwa wingi na kwa bei ya chini, ndiyo iliyoiondoa kamani. Ni kitu cha kushikwa kwa vidole viwili: kopo la chuma, sumaku mbili ndani yake, kiini kilichozongwa waya mwembamba wa shaba, na vijibrashi viwili vya kupokea umeme. Anayetaka kujua jinsi gari kubwa la umeme linavyotembea hahitaji kuanza mahali pengine.

Katika nyumba ya Tamiya mambo hayakuwa mepesi. Moto uliteketeza mbao zake mwaka 1951, na mwaka 1953 biashara ya mbao ikafungwa, watu wakabaki na vitu vya mfano peke yake. Kisha zikaja seti za plastiki kutoka Amerika, zenye nakshi ambayo mbao haiwezi kuifuata, na wanunuzi wakazikimbilia. Shunsaku, mwana wa Yoshio, aliyejiunga na kazi ya baba yake mwaka 1958, aliona kwamba hapana budi kuhama. Lakini kalibu za chuma za kumiminia plastiki zilikuwa ghali mno, na manowari Yamato ya mwaka 1960, seti yao ya kwanza ya plastiki, iliwatia hasara, kwa kuwa mshindani alitoa Yamato yake kwa bei ndogo zaidi. Walichojaribu baada ya hapo kilikuwa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, nacho kilipangwa kitembee chenyewe. Hapo ndipo umeme ulipoamuru kipimo: walitazama betri na mota zataka nafasi kiasi gani, wakaupima mwili wa kifaru kwa kadiri ya kuzifunika, na hesabu ilipofanywa ikaonekana kwamba kimekuwa sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi. Kipimo hicho cha 1/35, kilichozaliwa na ukubwa wa betri na si na kanuni yoyote, hata leo ndicho kipimo kikuu cha vifaru vya mfano duniani kote.

Magari yalifuata. Mwaka 1967 walitoa gari la mashindano la Honda RA273 kwa kipimo cha 1/12, wakisaidiwa na Honda wenyewe kwa michoro. Lakini kisa kinachoonyesha tabia ya watu hawa kuliko vingine ni cha Porsche 934. Shunsaku alisafiri mpaka Ujerumani kuipima, na alipoona kwamba vipimo na picha havikumtosheleza, alinunua Porsche 911 iliyo kamili, akaifungua yeye na watu wake kipande kwa kipande; na walipomaliza kuifahamu, iliwabidi wawaite mafundi wa Porsche waje waiunge tena. Mtu anaweza kuliita jambo hili israfu. Mimi naliita uaminifu, kwani hakuna mteja ambaye angegundua kosa la nusu milimita mahali pasipoonekana, na hata hivyo hawakukubali kulifanya. Gharama ilipokuwa kubwa hivyo, waliamua kuitumia kazi ile mara mbili, na mwaka 1976 ikatoka Porsche ya kuongozwa kwa redio, yenye mota na betri, ambayo iliuzwa zaidi ya 100,000 katika muda wa mwaka mmoja. Hapo ikafunguka biashara mpya kabisa, na vijana wa nchi nyingi wakaanza kujifunza, bila ya kuambiwa kwamba wanajifunza, elimu ya gari la umeme.

Tazama walivyojifunza. Waendeshaji wa vigari vya redio walianza na betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zilichoka upesi na kupata moto. Katika miaka ya 1990 wakahamia za nikeli na hidridi, na baadaye, katikati ya miaka ya 2000, za lithiamu, wakati huo huo wakiziacha mota za brashi na kushika zisizo na brashi. Magari makubwa yalipita njia hiyo hiyo: Toyota Prius ya mwaka 1997 ilitumia nikeli na hidridi, na Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, lithiamu na mota isiyo na brashi. Fauka ya hayo, kuanzia mwaka 1982 Tamiya iliuza kigari kiitwacho Mini 4WD, kisichotaka gundi wala redio: betri mbili, mota moja, gia chache za plastiki, na mhimili mwembamba upelekao nguvu kutoka ekseli moja hadi ya pili ili magurudumu yote manne yasukume. Mtoto akibadili gia apate mbio, hukuta kigari kimepoteza nguvu ya kuondokea na mota imekuwa moto. Akihamisha uzito, hukuta kinaruka nje ya njia. Akiacha ulegevu kati ya meno ya gia, husikia kelele na kuona betri zinaisha kabla ya wakati. Mbio, nguvu, joto, uzito na uhai wa betri ndiyo masuala yale yale yawakesheshayo wahandisi wa magari ya umeme, na vigari hivi vimeuzwa zaidi ya milioni 150.

Nimesema kwamba mji huu ulilihifadhi gari la umeme, lakini insafu yanitaka niseme pia kwamba mafundi mahodari wa vigari vya kusimama mezani hawakuipenda mota kamwe. Wao walitaka boneti lifunuliwe waone injini, na mabomba yake, na nyaya za plagi moja moja. Na seti za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 nyingi zilikuwa tupu chini ya boneti, kwa kuwa nafasi ilichukuliwa na mota na betri. Waliziita pungufu, na kwa gari la petroli walikuwa na haki. Lakini lifungue leo gari halisi la umeme ulitazame umbo lake: chini sakafu bapa ya betri, karibu na ekseli mota isiyozidi begi la safari, na juu yake bodi iliyofunika vyote. Hili ndilo umbo la seti zile zilizodharauliwa. Kigari kilichosingiziwa kuwa hakifanani na gari, kilifanana na gari ambalo halijaja.

Huzuni ya mafundi wale naielewa, wala siwezi kuwataka waifurahie sakafu bapa kama walivyoifurahia injini ya silinda nane. Injini ya petroli ilikuwa kitu cha kutazamwa. Kila sehemu ilionyesha kazi yake kwa umbo lake. Itakapokwisha kutoweka barabarani, seti za kipimo cha 1/24 na 1/12, pamoja na karatasi zao za maelekezo, zitakuwa miongoni mwa kumbukumbu sahihi kuliko zote za jinsi ilivyokuwa, na kwa hivyo nawaona watengenezaji wanaoendelea kuitoa injini kamili katika seti zao kuwa watunzaji wa tarikhi.

Shunsaku Tamiya alifariki Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 90. Kampuni ya Mabuchi, iliyoanza na vitu vya kuchezea, sasa hutengeneza mota zifungazo milango na kugeuza vioo vya magari ulimwenguni. Na Nissan Leaf zilianza kufanya kazi ya teksi hata Nairobi, mwaka 2018, katika mji ambao mafundi wake wengi wamefundishwa injini ya petroli na dizeli peke yake. Kwa sababu hiyo nawasihi walimu wa vyuo vya ufundi katika nchi zetu, na wazazi wenye uwezo, wasione haya kumpa kijana kigari cha mota moja na betri mbili, na bisibisi, na ruhusa ya kukifungua. Gharama yake ni ndogo, na gari atakaloitiwa kulitengeneza akiwa mtu mzima litakuwa la namna hiyo hiyo.