Paka, Kisanduku na Mashine ya Kulisha

Wenye mashine za kumlishia paka kwa saa maalum wanalia: jamaa anaingiza mguu kwenye tundu, anaigonga, anaiangusha, na chakula kinamwagika kabla ya saa. Je, paka amemshinda injinia?

Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha majaribio yake. Alifungia paka wenye njaa ndani ya visanduku vya mbao, chakula kikiwa nje. Paka alikwaruza, akauma, akasukuma kila kitu, mpaka kwa bahati akavuta kamba na mlango ukafunguka. Kila aliporudishwa, muda wa kutoka ulizidi kupungua. Thorndike akasema paka hana mpango wowote kichwani. Tendo linalolipa ndilo hurudiwa.

Miaka ya 1930 B. F. Skinner akatengeneza kisanduku ambamo panya akibonyeza kibao anaangushiwa chakula. Siku moja mashine ikakwama. Panya aliendelea kubonyeza bure, kisha polepole akaacha. Mwaka 1957, yeye na Charles Ferster walichapisha kitabu kinene kuhusu ratiba za malipo: mnyama aliyezoea kulipwa mara mojamoja huchelewa sana kukata tamaa.

Kosa letu ndilo hilo. Mashine inayotema punje moja baada ya makofi ishirini haimzuii paka, inamfundisha. Ziba tundu kabisa, makofi yasilipe hata punje, kisha vumilia kelele za siku chache. Paka hajaivunja programu yako, ameifuata ilivyoandikwa.