Mwalimu wa Wasafiri

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai nilikuwa na wanafunzi sita pale Jaws Corner, katikati ya Mji Mkongwe wa Unguja. Ilikuwa siku ya pili ya warsha. Siku ya kwanza tulimaliza habari za tundu la lenzi na kasi ya shata, na sasa nilitaka wajaribu mwanga wa pembeni, ule unaoingia vichochoroni mnamo saa mbili na nusu na kugonga kuta za chokaa kabla haujafika chini. Wazee walikuwa barazani na vikombe vyao vya kahawa. Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo kutoka Ulaya, mpole kabisa, alipiga goti, akapima mwanga kama nilivyomfundisha, akabonyeza. Mzee aliyekuwa mbele yake akanyanyua gazeti akajifunika uso. Kisha akaliteremsha kidogo, akanitazama mimi, si yeye.

"Mwanangu," akasema, "huyu mgeni hajui. Na wewe je?"

Nilimwamkia, nikamwomba radhi, na picha ikafutwa mbele yake. Jioni, tulipokuwa tunaangalia kazi za siku, yule mama akaniuliza: "Kwa nini jana hukutufundisha hilo?" Nilicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akiwa hana jibu. Usiku nikafungua daftari langu la masomo. Kurasa kumi na nne. Betri za akiba, vumbi, unyevu wa bahari, mchanga kwenye lenzi, jinsi ya kupiga ngozi nyeusi kwenye jua kali bila kuipoteza. Juu ya mtu anayepigwa hapakuwa na mstari hata mmoja, isipokuwa pale nilipoandika kwamba macho yake yawe makali.

Nilidhani ni uzembe wangu mwenyewe. Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya kazi hii inayonilisha, nikaona kwamba uzembe huo ni mzee kunishinda.

Kuwafundisha wasafiri kupiga picha kulipata mwalimu wake rasmi mwaka 1886. Royal Geographical Society ya London, jumuiya iliyokuwa ikiwatuma na kuwatunza wapelelezi wa Kiingereza duniani kote, ilimteua John Thomson kuwa mwalimu wa picha. Msomaji wa Afrika Mashariki asimchanganye na Joseph Thomson, yule aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na ambaye swala fulani mdogo bado anaitwa kwa jina lake. Huyu wetu alizaliwa Edinburgh mwaka 1837, akaishi Singapore na Hong Kong, akapiga magofu ya Angkor mwaka 1866, akasafiri China na masanduku ya vioo, na kutoa mabuku manne ya picha za nchi hiyo mwaka 1873 na 1874. Aliporudi London aliwapiga wauza maua na maskini wa mitaani, kisha akawa mpiga picha wa jamaa ya kifalme. Jumuiya ilipotafuta mtu wa kuwafundisha wasafiri wake, ilikuwa vigumu kumpita.

Haja ya mwalimu ilikuwa kubwa, na ushahidi mmoja wa haja hiyo umeanzia hapahapa kwetu. Agosti 1860 John Hanning Speke alifika Unguja na mwenzake James Augustus Grant, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha Nile. Grant ndiye aliyekabidhiwa kamera. Ilikuwa ya lenzi mbili, inayotoa picha pacha ili mtazamaji akiziweka kwenye kifaa chake aone kina. Mjini Unguja alipiga picha kadhaa. Walipovuka kwenda bara mambo yakamshinda.

Siku hizo picha ilitengenezwa kwa kolodioni mbichi, njia aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Mpiga picha humwaga dawa inayonata juu ya kioo kisafi, akakiinamisha huku na huku mpaka ienee sawasawa, kisha akakitumbukiza kwenye maji ya fedha gizani. Kioo hutiwa ndani ya kamera kikiwa bado kinachuruzika. Picha ikishapigwa, kioo kirudi gizani na kusafishwa kabla hakijakauka, na hapo anazungumza habari ya dakika, si saa. Kwenye baridi ya Scotland mtu alikuwa na nafasi ya kupumua. Katika joto la Mrima, ndani ya hema dogo lililozibwa lisiingize mwanga wala hewa, pamoja na mvuke wa etha unaotoka kwenye kolodioni, kazi hiyo ilikuwa karibu na kujinyonga. Speke anaeleza katika kitabu cha safari yao kwamba kazi ilikuwa nzito mno kwa hali ya hewa ile, na Grant akaiacha, akashika penseli na rangi za maji. Kwa hiyo safari ile ndefu hadi Nyanza na Nile tunaijua kwa michoro yake. Mimi hufikiria pia wapagazi ambao walibebeshwa vioo vile na chupa zile za dawa.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1858, David Livingstone aliingia Zambezi na ndugu yake Charles akiwa mpiga picha rasmi. Maagizo aliyompa yamehifadhiwa. Apige watu walio mfano wa kila kabila, asichague walio wabaya wa sura bali wale wa tabaka la juu kidogo. Ukiyasoma haraka unaweza kuona wema ndani yake. Ukiyasoma taratibu unaona kwamba mtu ameshawekwa fungu moja na mawe na mimea: kielelezo, cha kuchaguliwa vizuri. Charles hakufaulu sana. Picha zilizobaki za safari ile, mibuyu na mto na ile meli yao, nyingi ni za daktari wao, John Kirk, huyohuyo ambaye watu wa Unguja wanamkumbuka kwa mambo mengine kabisa, ya mwaka 1873 na kufungwa kwa soko la watumwa.

Basi ukiweka Grant na Charles Livingstone mezani, unaelewa kwa nini jumuiya ilitaka mwalimu. Watu wake walikuwa wanarudi na vioo vyeusi. Na wakati wa Thomson kushika kazi, mambo yalikuwa yameanza kurahisika: vioo vikavu vya jelatini, vilivyotokana na jaribio la Richard Leach Maddox la mwaka 1871, vilikuwa sasa vinauzwa dukani vikiwa tayari. Msafiri aliweza kupiga leo na kusafisha baada ya wiki kadhaa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, ikaja Kodak, kisanduku chenye filamu ya picha mia moja, na mnunuzi hakuhitaji kujua dawa yoyote. Thomson aliandika pia sehemu ya picha katika kitabu cha jumuiya cha mashauri kwa wasafiri. Ni maandishi ya fundi, hayana mbwembwe: namna ya kamera, vioo, namna ya kuvilinda, mwanga, usafishaji wa njiani. Nilipoyasoma nilijisikia nyumbani. Badala ya unyevu weka betri, na daftari langu lingekuwa mjukuu wake.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu Thomson hakuwa mtu asiyejua. Katika utangulizi wa kitabu chake cha China anasema wazi kwamba mara nyingi alionekana mchawi wa hatari, na kamera yake chombo cha giza kinachomfyonza mtu uhai wake, hata ikaaminika kwamba aliyepigwa hatakaa sana duniani. Alipigwa mawe. Huko Chaozhou, kusini mwa China, alikwenda kupiga daraja la mto alfajiri na mapema, kusudi asikutane na watu. Watu wakamwona. Matope na mawe yakaanza kuruka, naye akarudi nyuma kuelekea mtoni huku ameshika ile miguu mitatu ya kamera kama mkuki, mpaka akadandia mashua. Picha ya daraja aliipata.

Kisa hicho anakisimulia kwa ucheshi, kama tunavyosimulia sote visa vya safari baada ya kufika salama. Lakini kitazame kwa jicho la mwalimu. Mtu huyu alijua, kwa mwili wake, kwamba upande wa pili wa lenzi kuna watu wenye maoni. Alijua hata saa ya kuamka ili awakwepe. Na maarifa yakageuka kuwa habari ya saa, habari ya mbinu: nenda mapema. Mimi nami nimewahi kuwaambia wanafunzi waje Darajani kabla soko halijachangamka, "watu hawatakuwa na muda wa kutugombeza." Nimelisema kwa mdomo wangu.

Haikuwa lazima mambo yaende hivyo, maana zama zilezile watu walikuwa wanabishana juu ya jambo hili. Mwaka 1869 John Lamprey alibuni kiunzi cha nyuzi za hariri zilizogawa nyuma ya mtu katika miraba ya inchi mbilimbili, asimamishwe uchi mbele yake na apimwe kwa picha. Mwaka 1893 Everard im Thurn, aliyefanya kazi Guyana, alisimama mbele ya wanaanthropolojia wa London akapinga picha za namna hiyo. Alitaka watu wapigwe wakiwa hai katika maisha yao. Hilo nalo halikuwa kuomba ruhusa, lakini angalau lilikuwa limegundua kwamba aliyesimama pale si maiti.

Kati ya wanaotajwa kuwa wanafunzi wa Thomson, ninayempenda ni Isabella Bird. Alizaliwa mwaka 1831, na mwaka 1892 akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kukubaliwa katika jumuiya ile. Alijifunza kamera akiwa na umri ambao wengine wanalea wajukuu. Mwaka 1896 alikuwa juu ya mto Yangtze, ndani ya mashua ndogo, na chumba chake cha giza kilikuwa ni usiku wenyewe. Aliziba nyufa ili mwanga wa taa za kasumba za mabaharia usiharibu vioo. Aliviosha kwa maji ya mto, na tope laini la Yangtze likabaki kwenye picha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1899. Huko Sichuan alizingirwa na umati, na mara nyingine jiwe lilimpata kichwani akazimia. Aliamka akaendelea na safari yake na kamera yake. Ushujaa wake siupunguzi. Ninachosema ni kwamba somo la mawe lilikuwa limerudiwa mara mbili, kwa mwalimu na kwa mwanafunzi, na halikuingia darasani.

Palikuwa na darasa jingine, na lilikuwa Unguja. Katika karne hiyohiyo ya 19 Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio mjini, na kazi ilirithishwa kwa kukaa pembeni ya fundi. Ranchhod Oza alifanya kazi kwa Gomes kabla ya kufungua Capital Art Studio mwaka 1930. Studio ina desturi yake. Mtu huja mwenyewe, na nguo yake ya Idi, na pesa yake mkononi. Huchagua kukaa au kusimama. Akichukia picha husema. Fundi aliyenifundisha mimi, marehemu sasa, alikuwa hagusi kamera kabla hajauliza, "Unataka uonekane vipi?" Nilichukulia kuwa ni maneno ya biashara, kama muuza nguo anavyouliza kipimo. Nilipoanza kuchukua watalii, dola zikiwa bora kuliko picha za pasipoti, swali hilo niliacha mlangoni mwa studio.

Wala nisiipake studio asali. Gomes na wenzake waliuza pia kadi za posta kwa wageni wa melini, na juu ya kadi hizo wapo wanawake na wapagazi wasio na majina. Fundi mmoja aliweza kuwa na desturi mbili, moja ya anayelipa na moja ya anayeuzwa.

Vioo vya Thomson, takribani mia saba, vilinunuliwa na Henry Wellcome alipofariki mwaka 1921, na vimehifadhiwa London hadi leo. Ukizitazama picha zilizotoka humo unaona kwamba wengine walimkubali. Wanamtazama kwa utulivu ambao haupatikani kwa wizi. Kwa hiyo alijua kuomba pia. Hilo ndilo ningependa angeliandika.

Msimu uliofuata nilibadili ratiba. Asubuhi ya kwanza kamera hazitoki kwenye mabegi. Tunakaa barazani, tunaamkia, tunakunywa kahawa chungu, na kila mwanafunzi ajue kusema kwa Kiswahili chake kibovu, "Naomba nikupige picha," na aelewe "hapana" kwa sauti zake zote, kwa maana watu wetu wengi hawasemi hapana. Husema "labda baadaye" au hutazama pembeni. Haijawa rahisi. Mwanafunzi mmoja alisema amelipia mwanga, si kahawa, akataka pesa zake. Nilimrudishia nusu. Wakala mmoja aliacha kuniletea wageni.

Yule mzee bado anakaa palepale. Asubuhi ya mwisho ya msimu nilifika na wanafunzi wanne. Nilimwamkia, akaitika, akawatazama wageni mikononi kwanza. Akasogea kuwapa nafasi. Saa tatu jua lilikuwa limeshafika chini ya uchochoro, mwanga wa pembeni umekwisha na hakuna aliyepiga picha hata moja. Mzee alikuwa anawasimulia bei ya karafuu ya zamani, namna ilivyopanda na namna ilivyoanguka, nami nilikuwa nafasiri, nikikwama kwenye hesabu za pishi.