Kumusaidia ndugu aache pombe: siku tatu za kwanza ndizo za hatari

Kuna shauri ambalo familia inachukuaka kwa usiku moja tu: "Hii kanyanga itamuua, tumufungie mu nyumba mupaka aache." Mulango unafungwa, chupa zinamwagwa. Ni shauri la upendo, lakini linaweza kumuua mbele ya kanyanga yenyewe.

Mutu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, mwili wake umeizoea. Ikikatwa gafula, kati ya masaa 6 na 24 nyuma ya kikombe cha mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho linamutoka, anatapika, hapati usingizi. Ndani ya siku mbili kifafa kinaweza kumukamata. Hapo alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko mu kinywa. Kuelekea siku ya tatu wengine wanachanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na batu wasiokuwa pale, homa inapanda. Jamaa wanasema ni pepo ao ulozi, wanamupeleka mu chumba cha maombi. Maombi hayakatazwi. Lakini huyo ni mugonjwa wa haraka, bila dawa anaweza kufa.

Kwa hiyo mutu anayekunywa tangu asubuhi ili asitetemeke, asiachishwe pombe nyumbani bila muganga. Kwenye kituo cha afya wanajua kupanga: dawa ya kutuliza inayopunguzwa pole pole, pamoja na vitamini B1 ya kukinga ubongo. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, hospitali za magonjwa ya akili zinazoongozwa na Frères de la Charité. Kupelekwa huko si kuitwa kichaa.

Akirudi, kazi ndefu inaanza, na feza ndiyo mutego wa kwanza. Mama anamupa mwana franka za kukata nywele, jioni anarudi amelewa. Afazali dada yake aende kumulipa kinyozi. Deni la buvette pia: familia ikilipa kila mwezi kwa kuogopa haya, mwenye buvette ataendelea kukopesha. Lilipwe mara moja, mugonjwa mwenyewe akiwa pale, na mwenye buvette aambiwe wazi kwamba ingine haitalipwa.

Halafu kuna matanga na mahari, kasiksi inazunguka. Miezi ya kwanza mukubwa mumoja akae kando yake, soda mbele yao wote wawili, na waondoke mapema. Kusema naye kunafaa asubuhi, akiwa na akili yake, bila kumwita mulevi mbele ya watoto wake. Akirudia pombe, na wengi wanarudiaka, arudishwe kwa muganga wiki ileile.

Lakini kama anapiga, kusaidia si kuvumilia ngumi. Bibi na watoto walale kwa shangazi ao kwa jirani. Muzee anayesema "vumilia tu, mama" yeye halali mu nyumba ile.