Udongo wa Babu na Udongo wa Kijiji Kipya

Leo chota konzi ya udongo shambani kwako, ulowanishe kidogo, halafu uufinyange. Ukivingirika kama kamba bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Ukimomonyoka vidoleni, huo ni wa kichanga. Jambo hili dogo limewasumbua wengi katika historia ya Buha.

Wazee wa Heru Juu, enzi za watawala walioitwa Mwami, walilima milimani. Migomba ilizunguka nyumba, ikala samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, hazifiki hata sehemu 2 za elfu za milimita. Kwa hiyo hushika maji na chakula cha mimea. Ubaya wake ni huu: ukiulima ungali umelowa, hushikamana, ukikauka, huwa tofali.

Udongo wa kichanga ni kinyume chake. Jembe linazama bila taabu, mihogo na karanga hupenya vizuri. Lakini maji hupita upesi, tena huondoka na mbolea.

Sasa sikia. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakakusanywa katika vijiji. Mwaka huo huo TANU ilitoa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Nia ilikuwa kuinua kilimo. Lakini kuhama si kubeba vyombo tu. Mtu aliyezoea mfinyanzi, akipewa shamba la kichanga, hupanda maharage kwa desturi ya kwao. Jua la wiki mbili linayanyausha. Je, ni mvivu huyo? Hasha! Ni mgeni wa udongo.

Basi tufanyeje? Samadi na mboji hufaa kote kuwili: hulegeza mfinyanzi, na kuupa mchanga nguvu ya kushika maji. Kwenye kichanga, mbolea ya chumvichumvi itie kidogo kidogo, si yote kwa mara moja. Kwenye mfinyanzi, ngoja maji yanywee kwanza ndipo ulime. Na mlimani, matuta yakate mteremko, yasiufuate.

Ndugu zangu, kabla ya kumlaumu jirani kwa mavuno haba, muulize kwanza: unalima udongo gani?