Daftari la mjomba na nambari *99#

Wiki jana nilikuwa nyumbani Machakos tukipanga vitu vya marehemu mjomba. Binamu zangu walitaka kuchoma makaratasi yote. Niliokoa vitu viwili tu: Palm V, ile kompyuta ya kiganjani iliyotoka mwaka 1999, na daftari moja la shule.

Palm yenyewe haiwaki. Hata ingewaka ingekuwa tupu, maana ilihifadhi kila kitu kwenye RAM: betri ikiisha kabisa, mipangilio yote inafutika. Ndiyo sababu mjomba aliiandika kwa kalamu, akitumia ukurasa mmoja kwa kila njia ya kuunganisha.

Ukurasa wa kwanza ni wa modemu iliyobanwa kwenye Palm na kuchomekwa waya wa simu ya mezani. Nambari inaanza na 02, msimbo wa zamani wa Nairobi. Kwa hiyo kila barua pepe ilianza kwa simu ya kwenda mji ulio kilomita 60 hivi, halafu ikapanda setilaiti. Mlango wa kutokea nchini ulikuwa Jambonet, iliyoanzishwa na shirika la posta na simu mwaka 1998 kisha ikarithiwa na Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee hadi 2004. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa Julai 2009 tu!

Ukurasa wa pili hauna waya. Palm inatazamana na simu ya Nokia mezani kwa infraredi, simu inapiga nambari ileile. Kasi ni biti 9,600 kwa sekunde, na unalipia muda hata ukiwa unasoma tu. Pembeni mjomba ameandika "usiguse meza". (Nimecheka peke yangu.)

Wa tatu ndio ulionishika. Nambari ya kupiga ni *99#, na juu yake kuna mstari huu:

AT+CGDCONT=1,"IP","safaricom"

Hii ni GPRS. *99# haimpigii mtu yeyote. Palm ilijua kupiga simu tu, basi Nokia ikajifanya modemu: ikapokea amri, ikajibu CONNECT, kisha PPP ikaendelea kama zamani. Palm haikujua kwamba upande wa pili hakuna simu tena, na malipo sasa ni ya data, si ya dakika. Zile modemu za USB nilizozikuta nikiwa kijana zilipiga *99# hiyohiyo. Nilibofya miaka mingi bila kujiuliza, na digrii yangu ya kompyuta haikunieleza.

Jina la mtumiaji ni saf, neno la siri ni data, kama ilivyokuwa kwa kila mteja. Neno la siri la ukurasa wa kwanza, hata hivyo, mjomba alilichagua mwenyewe. Ni jina la utotoni la mama yangu. Nimempigia picha ukurasa huo, nikamtumia.