Ukingo wa bwawa, kutoka Husuni Kubwa hadi Kibaha

Kwa kaka yangu Kibaha, upande wa Picha ya Ndege, kuna bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba. Siyo la kifahari. Watoto sita wakiingia limejaa. Mwaka juzi ukingo wake, ule mkanda wa vigae unaozunguka maji, ulianza kuachia. Fundi wa kwanza akajaza saruji kwenye nyufa. Miezi mitano baadaye vigae vikainuka tena, na safari hii binti mdogo wa kaka akachanika unyayo, akashonwa nyuzi nne. Fundi wa pili akaja na saruji nyingi zaidi. Mnajua ilivyoisha.

Wa tatu alikuwa mzee wa Kisarawe, ametoka kwao kupitia Mzenga na Mlandizi, kiunoni vumbi tupu. Nilimwamkia, akaitikia, akavua kandambili na kuzunguka bwawa lote akigonga vigae kwa mpini wa nyundo, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mlango. Kisha akasema: "Mwanangu, hapa saruji haikupungua. Imezidi."

Kauli ile ilinirudisha Kilwa.

Tunapenda kusema bwawa la nyumbani ni mambo ya Wazungu, au ya wenye hela zao wa Masaki. Jamani! Pale Kilwa Kisiwani, juu ya genge linalotazama bahari, limo bwawa la pembe nane ndani ya kasri la Husuni Kubwa. Kasri lenyewe lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja. Sultani anayehusishwa nalo ni al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331, na jina lake lilikutwa limechongwa kwenye jiwe humo humo. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyeyachimbua magofu hayo miaka ya 1960, aliona dalili kwamba jengo halikuwahi kumalizika. Kwa hiyo karne moja na nusu na zaidi kabla Vasco da Gama hajaiona pwani hii, mtu wa huku alikwisha kujijengea mahali pa kuogelea, na pengine alikwisha kugombana na mafundi.

Kinachonivutia zaidi ni namna mafundi wale walivyokuwa wakifikiri kuhusu kingo. Ukuta wa kawaida wa pwani ulijengwa kwa jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile gumu lenye mashimomashimo, likashikwa kwa chokaa. Lakini penye ukingo, yaani kwenye fremu ya mlango, kidaka au mihrabu, jiwe hilo halikufaa. Walikwenda baharini kukata tumbawe hai, lingali laini na bichi, wakalichonga upesi. Likikauka hewani linakuwa gumu. Sehemu ile nyembamba ndiyo iliyopewa jiwe lake na fundi wake.

Na chokaa nayo ina tabia yake. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, kisha yakazimwa kwa maji. Chokaa hiyo ni laini kuliko jiwe. Ukuta ukisogea kidogo, kinachopasuka ni chokaa, jiwe linabaki zima. Unyevu unapita, chumvi inatoka. Ukiziba gofu la namna hiyo kwa saruji, unyevu unanaswa ndani na jiwe lenyewe ndilo linaloanza kumeguka, huku kiraka kikibaki kinang'aa. Ndiyo maana wahifadhi wanaojua kazi yao huikimbia saruji kwenye magofu yetu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, zikatolewa humo mwaka 2014. Katikati ya miaka hiyo kuna jasho jingi la ukarabati.

Sina ugomvi na saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza kuizalisha mwaka 1966 kilikuwa kinachoma jiwe la chokaa ambalo zamani za kale lilikuwa mwamba wa matumbawe baharini. Ni ukoo mmoja, ila saruji huchanganywa na udongo na kupata moto mkali zaidi, kama nyuzi 1,450, wakati chokaa hutosheka na 900 hivi. Nilimweleza mzee hayo. Nikaongeza kwamba hata ule udongo mweupe wa milima ya Pugu, huko huko kwao Kisarawe, ukichomwa na kuchanganywa na chokaa huganda hata penye maji. Akacheka: "Sisi tunauona barabarani tu."

Halafu akanionyesha ugonjwa. Kati ya ukingo wa bwawa na sakafu ya nje panatakiwa nafasi, upana wa kidole, kuzunguka pote. Jua la Januari likipiga, sakafu inatanuka. Ikikosa pa kwenda inausukuma ukingo kuelekea majini, kigae kinaachia, maji yanapenya chini na kuhamisha mchanga. Mafundi wawili waliotangulia walikuwa wameiziba nafasi ile vizuri sana, kwa ustadi kabisa.

Alikata kwa grainda siku mbili, akatoa saruji yote. Vigae vilivyolegea akavibandua, akashindilia upya chini yake na kuvirudisha. Ndani ya nafasi akalaza kamba ya sponji na kumalizia na silikoni. Kaka alikuja jioni, akatazama, akaguna.

"Yaani nimelipa hela ili nichimbiwe mfereji?"

"Ndiyo, bosi," mzee akajibu, akanawa mikono.

Masika imepita, vigae vimekaa. Mchana wa jua kali ile silikoni huvimba kidogo juu ya sakafu, alfajiri inazama. Binti wa kaka ameshaligundua hilo. Kila asubuhi kabla ya shule huenda kuibonyeza kwa kidole.